Nimevaa suruali nne za kiuno cha kurekebisha kwa miezi saba, hivi ndo zilivyonikaa

Kilichonichokoza ni picha. Nilikuwa kazini nimesimama mbele ya watu naandika ubaoni, koti nimelivua, mwenzangu mmoja akanipiga picha kwa nyuma halafu akanitumia akidhani ananifurahisha. Yani nilipoiona nikajiuliza huyu nani. Asubuhi kwenye kioo nilikuwa smati, shati limeingia ndani vizuri, suruali ya kijivu ina mstari wa pasi mpaka kiatuni, kumbe huku nyuma kiuno kimejikusanya kama mdomo wa gunia lililofungwa kamba. Ilikuwa suruali ya lastiki, zile zinazosifiwa kwamba unastarehe kama uko nyumbani na bado unaonekana mtu wa ofisini. Kustarehe nilikuwa nastarehe kweli. Hiyo nyingine sasa...

Mwenzenu kiuno changu hakitulii. Tangu nijifungue mara ya pili kina tabia zake, kuna wiki suruali inapwaya mpaka mkono unapita, kuna wiki nikikaa tu kifungo kinaomba ruhusa. Nikaamua kujipima kwa tepu ya kushonea siku tatu mfululizo, bila kuvuta tumbo ndani (hapo ndo watu wengi tunajidanganya wenyewe). Asubuhi nimesimama, sentimita 83. Hapo hapo asubuhi nikikaa kwenye kiti, 86. Jioni nimeshakula na nimekaa, 89. Siku ya pili ikacheza humo humo, ya tatu pia. Yani sentimita 6 ndani ya siku moja na sio kwamba nimenenepa wala nini. Sasa suruali nyingi za dukani saizi moja na inayofuata zinapishana sentimita 4 au 5 kiunoni, kwa hiyo mimi kwa siku navuka saizi nzima na ushee, halafu kesho asubuhi narudi nilipotoka. Suruali ya kiuno kisichobadilika lazima initese mahali, ama jioni inabana ama asubuhi inapwaya.

Basi nikaanza kutafuta zenye kiuno cha kurekebisha lakini zenye sura ya kushonewa na fundi, na baada ya miezi saba ninazo nne na sketi moja. Sitaji waliozitengeneza, maana mbili nitazisema vibaya, na isitoshe ukishaelewa aina ya kiuno utaitambua hata ikiwa na lebo nyingine.

Ya kwanza ndo ile ya kwenye picha. Lastiki mzunguko mzima, mbele wameweka zipu ya uongo, ni mshono tu wa kuigiza, huwezi kufungua kitu. Nilikuwa nadhani ubaya wake ni lastiki. Hapana. Ubaya wake ni kukosa zipu, na hili nililigundua nimekaa kitandani na tepu mkononi. Hipsi zangu ni 104. Suruali isiyo na zipu lazima kiuno chake kipanuke mpaka kipite hapo, sivyo hutaivaa kabisa. Kwa hiyo kitambaa cha kiunoni kimekatwa kikubwa, karibu sawa na hipsi, halafu lastiki inakivuta kirudi mpaka 83. Kama kitambaa chenyewe hakivutiki, na hiki hakivutiki, hizo sentimita 21 zitaenda wapi? Zinakaa kwenye mikunjo, kuanzia kitovuni mpaka uti wa mgongo, na hakuna pasi itakayokusaidia.

Ukishaliona hilo unaanza kuona mambo tofauti. Zipu kazi yake ni kukuingiza kwenye suruali. Lastiki kazi yake ni kukuvumilia mchana kutwa. Mimi nahitaji sentimita 6 tu za kuvumiliwa, sio 21, lakini mbunifu akiitoa zipu ili kurahisisha ushonaji anaitwika lastiki kazi zote mbili na sura ya suruali ndo inalipa. Saivi nikiona suruali "ya ofisini" haina zipu ya kweli mbele au pembeni siisogelei hata kama kitambaa ni kizuri vipi.

Halafu lastiki yenyewe walioweka ni ile iliyosukwa kama msuko wa nywele, ambayo ukiivuta inakuwa nyembamba, kwa hiyo ndani ya kiuno inajipindua inalala kwa ukingo na ukivua jioni una alama ya kamba tumboni. Kuna lastiki bapa iliyofumwa ambayo ukiivuta upana wake unabaki ule ule, haijipindui kirahisi, na tofauti yake dukani sio kitu cha kutisha. Kwa nini hawaiweki sijui wanaogopa nini.

Ya pili ilinipa moyo. Mbele bapa kabisa, zipu ya kweli, kile chuma cha kulabu pamoja na kifungo kwa ndani, na ndani ya kiuno cha mbele wameweka kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi ndo maana hakilali ukikaa. Lastiki iko nyuma tu. Nikivaa na koti hakuna aliyejua. Niliivaa karibu kila wiki na niliisifia kwa kila aliyeuliza, wengine hawakuuliza nikawaambia tu.

Ila koti likivuliwa... Nikaipima nayo. Kiuno cha nyuma kikiwa kimetulia ni 36, nikikivuta mpaka mwisho 47. Sentimita 11, na mimi shida yangu ni 6, kwa hiyo 5 zilizobaki zipo tu zimejikunja bure mgongoni kwangu. Na kuna kitu kingine kilichonichukua muda kukiona. Suruali ya kushonewa kawaida nyuma ina ile mishono miwili mifupi inayoshuka kutoka kiunoni kuelekea makalioni, ndo inayochonga umbo pale mgongo unapoingia ndani. Kwenye hii mishono hiyo haipo. Wameifuta, wakasema lastiki itachonga yenyewe. Lastiki haichongi jamani, lastiki inakusanya! Matokeo yake chini ya kiuno kitambaa kinafura kidogo halafu ndo kinaanguka, kama sketi ya mtoto.

Fundi wangu nilipomuonyesha akacheka, akanichorea kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Alisema ukitaka nyuma iwe safi, ile mishono ya kuchonga unaiacha pale pale, katikati ya mgongo unapaacha bapa na pagumu, halafu lastiki unaweka vipande viwili vifupi, kushoto na kulia, kati ya mshono wa pembeni na ule wa kuchonga. Hapo ndo mwili una kibonde juu ya nyonga, mikunjo midogo ikikaa hapo jicho haliioni maana mkono unapita hapo hapo na shati nalo lina mikunjo yake. Na kila kipande kisivute zaidi ya sentimita mbili, mbili na nusu. Nikamuuliza sasa mbona hawafanyi hivyo, akasema "dada, hiyo ni mishono minne zaidi."

Mwezi wa nne ikaanza kulegea. Ile 36 ikawa 40 na haikurudi tena. Hapa na mimi nina lawama zangu, nilikuwa naifua kwa maji moto na napiga pasi juu ya kiuno moja kwa moja ili hiyo mikunjo ilale, na joto ndo adui wa vitu hivi vyote. Lebo inasema poliesta, viskosi na asilimia 3 ya elasteni, yani hata kitambaa chenyewe kina uzi wa kuvutika, na elasteni na pasi ya moto hawaelewani. (Elasteni sio ya jana, Joseph Shivers aliibuni mwaka 1958 akiwa kampuni ya kemikali ya DuPont kule Marekani, na lastiki yenyewe ni mzee zaidi, Mwingereza Thomas Hancock alichukua hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1820 ya kuweka vipande vya mpira kwenye glovu, kanda za mabegani, viatu na soksi. Karne mbili tunavutika na bado kuna watu wanashona kiuno kama gunia.)

Lakini lawama kubwa naiweka kwa aliyeishona, maana lastiki ilipokufa nikaipeleka ibadilishwe na fundi akaikataa. Wamepitisha mistari minne ya cherehani juu ya lastiki yenyewe, sindano imeitoboa kila milimita chache kiuno kizima, na kila tundu ni udhaifu. Kuifumua hiyo ni kazi ya siku na kitambaa kitabaki na alama za matundu. Kama wangeshona mfereji tu, lastiki ikapita ndani huru na ikashikwa miishoni, ingekuwa kazi ya dakika kumi, unafungua sehemu ndogo, unachomoa ya zamani, unapitisha mpya kwa pini, unafunga. Suruali ya kitambaa kizuri inakufa kwa sababu ya kipande cha lastiki kisichofikika. Hii iliniuma kuliko ile picha.

Ya tatu nitaisema haraka. Ni ule mtindo wa suruali za watoto, ndani ya kiuno kuna lastiki yenye matundu mengi, inachomoza pembeni kwa ndani na unaifunga kwenye kifungo unachochagua. Ukitazama kwa nje hakuna kitu, ni wazo la akili sana na kwa mtoto linafanya kazi maana mtoto unamrekebishia leo halafu unasahau mpaka arefuke. Mimi napaswa kurekebisha kila siku. Kifungo kinakaa juu ya mfupa wa nyonga kabisa, nikikaa muda mrefu kinachimba, na kwa sababu unafanya kwa kupapasa bila kuona, siku moja niligundua kushoto nimefunga tundu la tatu na kulia la tano, zipu imehamia upande mmoja na nimetembea hivyo mchana kutwa. Hakuna aliyeniambia. Watu wabaya.

Niseme kitu cha wanaume hapa kidogo maana kinauma. Suruali rasmi ya kiume ikishonwa inavyotakiwa, kiuno chake kinakatwa vipande viwili, kushoto na kulia, vinakutana katikati ya mgongo, na mshono ule wa katikati unaachiwa akiba ya kitambaa kwa ndani. Nimefunua ya mume wangu nikapima, sentimita 3 kila upande. Akinenepa fundi anafumua mshono mmoja, anaachia, anashona, suruali imekua na huoni chochote kwa nje. Hiyo nayo ni kiuno cha kurekebisha, tena cha zamani, ni vile tu kinarekebishwa na fundi badala ya kidole. Sasa fungua za kike nyingi, kiuno ni pete moja haina mshono nyuma, akiba nusu sentimita, imekatwa na mashine ya kumalizia pindo imekwisha habari yake. Sisi ambao miili yetu inabadilika zaidi, kwa mwezi, kwa mimba, kwa kunyonyesha, ndo tunashonewa nguo zisizo na nafasi ya kubadilika. Halafu tunaletewa lastiki kama msaada.

Na hili la kurekebisha kwa nje halikuanza na sisi. Jinzi za mwanzo za Levi's zilikuwa na kamkanda kadogo nyuma chenye bizimu (kile chuma cha kubania mkanda), unavuta mpaka ikukae, lupu za mkanda zilikuja mwaka 1922, na kale kamkanda ka nyuma kakaondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili vitu vilipokuwa vinabanwa. Kaptula za askari Wagurkha, wale Wanepali wa jeshi la Uingereza, nazo zina kiuno kipana kinachopishana mbele na kufungwa kwa bizimu pembeni, ndo ule mtindo mnaouona umerudi siku hizi kwenye suruali za marinda. Na London, kampuni ya nguo ya Simpson walipotoa suruali za DAKS miaka ya 1930 walichouza ni hicho hicho, suruali inayojishika yenyewe kiunoni bila mkanda na bila kanda za mabegani, na kwa ndani wakaweka vipande vya mpira vya kushika shati lisipande. Fikiria, shati kutopanda! Mimi wa leo bado nahangaika nalo.

Sasa ya nne. Nilivyoipata ni kwamba nilikata tamaa na lastiki nikasema ngoja nijaribu hizi za kamkanda pembeni. Ni ya sufu nyepesi, rangi ya bluu iliyokolea, kiuno kiko juu, haina lupu za mkanda hata moja, na kila upande kuna kamkanda ka kitambaa hicho hicho chenye upana wa vidole viwili kanakopita kwenye bizimu ndogo. Unavuta kuelekea nyuma, kiuno kinaingia. Unaachia, kinatoka. Mbele kuna marinda mawili kila upande, nyuma ile mishono ya kuchonga ipo, katikati ya mgongo kuna mshono na akiba (niliufunua dukani kabla hata ya kuijaribu, muuzaji akanitazama).

Kinachonifurahisha ni vile mvuto umewekwa mahali pake. Kamkanda kameshonwa kwa nguvu kwenye mshono wa pembeni, bizimu iko mbele kidogo ya hapo, kwa hiyo unapovuta kitambaa kinachokunjwa ni kile cha juu ya nyonga tu, mbele hapaguswi na mgongo haukusanyiki. Kiuno chote ni kigumu, kikikunjwa kinafanya kunjo moja safi linalolala chini ya kamkanda lenyewe. Yani kirekebishio kinafunika kosa lake mwenyewe. Ukitazama kwa mbali unadhani ni pambo.

Lakini kina mpaka, na mpaka wake niliujua kwa kuupita. Siku moja kiuno kilikuwa chembamba nikavuta kwa furaha, karibu sentimita 4 kila upande, nikatoka. Kwenye kioo cha lifti nikaona mifuko imefunguka midomo kama masikio, na ule mstari wa pasi uliotakiwa kushuka katikati ya goti umehamia nje. Nikarudi kupima taratibu. Sentimita 2 kila upande huoni mabadiliko. Mbili na nusu bado safi. Tatu mfuko unaanza kupumua. Kwa hiyo jumla ni 5 za uhakika, na zaidi ya hapo suruali sio yako, tafuta saizi nyingine au mpe fundi. Mtu akikwambia kiuno kinarekebishika "saizi tatu" na bado kinaonekana cha kushonewa muulize hicho kitambaa kinachozidi kinaenda wapi.

Kasoro zake sasa. Bizimu inateleza. Sufu ni laini, kamkanda ni laini, na bizimu yenyewe haina meno, inashika kwa kubana tu, kwa hiyo ukikaa na kusimama mara nyingi inaachia kidogo kidogo mpaka saa 8 mchana unajikuta unapandisha suruali kwa viwiko ukijifanya unajinyoosha. Kuna zenye vifungo viwili badala ya bizimu, hizo hazitelezi ila zina hatua mbili tu, ama hapa ama pale. Fundi alinitatulia kwa kugeuza ncha ya kamkanda na kushonea ndani yake kipande kidogo cha kitambaa kinachokwaruza. Inashika sasa, sio asilimia mia ila inashika.

Kasoro ya pili ndo kubwa, na ndo iliyonifundisha kitu ambacho miezi yote hiyo nilikuwa nakichanganya. Kamkanda ka pembeni unakaweka asubuhi na kanabaki pale ulipokaweka. Nikikaa, mwili unataka sentimita 3 zaidi hapo hapo, sio jioni, sasa hivi, na kamkanda hakajui. Lastiki inajua. Lakini lastiki haina msimamo, wiki ambayo nimepungua nayo inalegea, suruali inashuka. Kumbe nina matatizo mawili na nilikuwa natafuta dawa moja. Kuna kubadilika kwa dakika, kusimama na kukaa, hiyo inataka kitu kinachojirekebisha chenyewe kwa sentimita chache. Na kuna kubadilika kwa siku na wiki, hiyo inataka kitu unachokiweka kwa mkono na kikae. Kila suruali niliyonunua ilikuwa inajibu swali moja na kujifanya imejibu yote.

Nikampelekea fundi nikamwambia nataka vyote viwili kwenye hii moja na nyuma pasiharibike. Alikaa nayo siku mbili. Akafungua bitana ya kiuno upande wa nyuma, akatoa kile kitambaa kigumu kwenye sehemu mbili tu, kama urefu wa kidole cha kati kila upande, kati ya mshono wa pembeni na ule wa kuchonga, sawasawa na alivyonichorea kwa chaki siku ile. Hapo akapitisha lastiki bapa ndani ya mfereji, imeshikwa miishoni, kila moja inavuta sentimita moja na nusu. Kabla ya kuiweka akapiga mvuke kitambaa cha nje ili kisinyae kidogo, sufu ina hiyo tabia ya kukubali mvuke, poliesta ingemcheka. Na kwenye mshono wa katikati akaachia sentimita 1 kutoka kwenye akiba ili nisiibiwe nafasi na hizo lastiki. Bitana akaifunga kwa mkono, mishono mirefu, akaniambia siku lastiki ikichoka ukate nyuzi hizi hapa, usije kwangu unalia.

Nina miezi miwili nayo hivyo. Asubuhi navuta kamkanda mpaka kwenye alama niliyoweka kwa uzi kwa ndani, nikikaa lastiki inaachia bila kuuliza, jioni nikishakula naenda chooni nalegeza kamkanda kwa upana wa kidole na narudi mezani. Nyuma ukiangalia karibu sana kuna vikunjo viwili vitatu vidogo pembeni, kama kitambaa kimepumua. Ukisimama hatua mbili huvioni. Naifua kwa maji baridi, naianika kwa kuning'iniza miguuni ili uzito usivute kiuno, na pasi ikifika sehemu zile mbili naweka kitambaa juu na napita haraka.

Sketi karibu niisahau. Ile ina kiuno cha kuteleza, kipande cha mbele kinapita juu ya kipande cha nyuma pembeni na lastiki imejificha chini yake, kwa hiyo kiuno kinapanuka bila kunjo hata moja. Kwa usafi wa nje ndo bora kuliko zote, sina ubishi. Ila pale vinapopishana kuna tabaka nne za kitambaa pamoja na bitana, na kwa sababu yangu ni ya kitambaa kizito, nina vinundu viwili nyongani kama nimeficha simu. Kwa kitambaa chepesi ningeinunua tena.

Alama basi, kwa wanaotaka alama. Ya pili nyuma ikiwa mpya 6 kati ya 10, ilipolegea 2. Ya tatu 4, na hiyo ni kwa sababu ya wazo. Sketi 7. Ya nne ilivyotoka dukani 7, baada ya fundi 9, moja nimeikata kwa bizimu na sitairudisha mpaka waweke yenye meno. Ukienda kujaribu yoyote usimalizie kwenye kioo umesimama umebana pumzi. Kaa kwenye kile kiti cha chumba cha kujaribia, kaa kweli, egemea mbele kama unafunga kamba za viatu, halafu inuka uone kiuno kimerudi wapi na mifuko inasemaje, na umpe mtu simu akupige picha kwa nyuma bila koti.

Ya kwanza ninayo bado. Naivaa nikipiga deki.